NGUO ZA MVUA KWA WAENDESHA PIKIPIKI

(Mazungumzo ya mjumbe wa kamati ya tawi mbele ya wanachama, Kakamega. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)



Nimeombwa niseme habari ya nguo. Najua wengine wenu mliposikia hivyo mlicheka, mkasema, "Chama kimemaliza mambo ya mishahara, sasa chataka kutuvika?" La, ndugu zangu. Mambo ya mishahara hayajaisha wala hayaishi. Lakini kamati yenu itaketi na waajiri karibuni kuandika mapatano mapya, na katika mapatano ya zamani imo sentensi moja inayosema kwamba mfanya kazi aendeshaye pikipiki atapewa koti moja la mvua kila mwaka. Ni hayo tu. Koti gani? La kitu gani? Suruali je? Mikono je? Hakuna neno. Na kwa kuwa karatasi haikusema, mwajiri mmoja, ambaye sitamtaja jina maana tutakutana naye mezani, alinunua makoti mepesi kama ganda la kitunguu, yakapasuka kwapani kabla ya mwezi wa pili kwisha. Tulipolalamika akatuonyesha karatasi. "Mlisema koti. Je, sikuleta koti?" Na kweli alikuwa ameleta.

Basi nataka kila mmoja wetu ajue nguo njema ya mvua yatambulikana kwa nini, ili safari hii tukiandika tuandike kinaganaga, na yule anayejinunulia mwenyewe asitupe fedha zake. Na waendeshaji katika tawi letu ni wengi kuliko watu wadhanivyo: makarani wa mashamba ya miwa, wapeleka barua, wasoma mita, watu wa afya wanaokwenda vijijini, wasimamizi wa walinzi wanaozunguka usiku kukagua malindo. Wote hao ofisi yao ni kiti cha pikipiki.

Kwanza tuitazame mvua yetu wenyewe. Kakamega iko juu ya usawa wa bahari kiasi cha mita 1,500, na mvua yake ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Nairobi hupata kama nusu ya hiyo. Mvua ndefu huanza Machi, hushika Aprili na Mei. Hupungua kidogo, kisha hurudi Agosti na kuendelea mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Desemba mpaka Februari ndiyo miezi tunayoiita ya jua, lakini hata katika miezi hiyo mtu wa Shinyalu au Malava hawezi kuapa kwamba hatalowa. Nchi nyingine mtu huweka koti lake la mvua sandukuni miezi 6. Sisi hatuna ruhusa hiyo.

Tena angalieni mwendo wa siku. Asubuhi jua laangaza, mtu anatoka na shati moja kwenda Butere. Baada ya chakula cha mchana wingu linajitunga, pepo za kutoka Ziwa Victoria zikikutana na zile zinazoshuka kutoka milima ya Nandi, na ikifika saa tisa au saa kumi radi zinapiga na mawe yanaanguka. Mtu yule yule wa shati moja sasa yuko katikati ya njia, na miwa kulia na kushoto. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya nguo ya mvua, kabla ya kitambaa na kabla ya bei, ni kwamba iweze kukunjwa ikafungwa nyuma ya kiti kila siku ya Mungu. Nguo kubwa nzito iliyoachwa nyumbani ikining'inia mlangoni haijamkinga mtu.

Wako wanaosema, "Kakamega si Ulaya. Baridi iko wapi?" Nitawajibu kwa hesabu. Alfajiri yetu ni kiasi cha digrii 14. Ukienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, upepo unaoupata waufanya mwili uhisi kama digrii 10 au 11. Na hiyo ni kwa mtu mkavu. Ukilowa, mambo yabadilika kabisa, maana maji huondoa joto la mwili upesi kuliko hewa, zaidi ya mara 20. Mtu aliyelowa kifua na mikono, akaendesha nusu saa kutoka Mumias mpaka mjini jioni, akifika hawezi kufungua kifungo cha shati lake.

Sasa vidole visivyoweza kufungua kifungo, vitashikaje breki? Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni zaidi ya mita 16 kila sekunde moja. Vidole vikichelewa sekunde moja tu, pikipiki imekwenda urefu wa matatu tatu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, na breki bado haijaanza kushika. Na hapo lami ni maji, na ng'ombe amesimama barabarani. Ndiyo sababu nasema nguo hizi ni chombo cha kazi, kama breki na kama taa. Si pambo, wala si jambo la mtu na mke wake.

Tena mtu anayetetemeka huharakisha. Ataka kufika. Hupita lori mahali pasipofaa kwa sababu nyumbani kuna moto na uji. Au huogopa mvua akakimbilia chini ya mti mrefu peke yake shambani, na hapo radi ndipo ipendapo.

Haya, twende dukani. Nianze na koti na suruali, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea.

Wengi wetu tukifika dukani twaangalia kitambaa. Twakipapasa, twakivuta, twauliza bei. Lakini maji hayapiti kwenye kitambaa cha plastiki nene wala cha mpira. Hupita kwenye mshono. Sindano ya cherehani imetoboa mamia ya matundu kutoka kwapa mpaka kiunoni, na kila tundu ni mlango. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuligeuza koti ndani nje. Ukiona uzi mtupu, lirudishe. Ukiona utepe mwembamba umebandikwa juu ya mshono wote bila kuruka mahali, koti hilo lilitengenezwa na mtu aliyefikiri habari ya mvua. Liko pia lile ambalo halikushonwa hata kidogo, bali kingo zake zimeyeyushwa kwa moto zikashikana. Hilo ni jema sana, hata kama sura yake haipendezi.

Kisha fanya jaribio, na mwenye duka akikataa nenda kwa mwingine. Shika mkono wa koti, ukunje mwisho wake uufunge kwa vidole, utie ndani maji kikombe kimoja mahali penye mshono, ukae nalo dakika 5 mkizungumza habari za nyumbani. Tone likitokea nje, umejua. Muuzaji mwaminifu hatakasirika, maana atakayeuza koti linaloshika maji atawaonyesha wateja wengine jaribio hilo hilo.

Mlango wa pili ni zipu. Zipu peke yake haizuii maji, hasa ukiwa unakwenda mbele na mvua inakujia kifuani kama imetumwa. Lazima juu yake kuwe na ulimi mpana wa kitambaa, tena mbili ni bora kuliko moja, unaofungwa kwa vifungo au kwa ile gundi ya kubandika na kubandua. Mlango wa tatu ni shingo: kola iwe ndefu, ifike kidevuni, na iweze kukazwa, maana helmeti humwaga maji yote ya kichwani papo hapo kama paa la bati lisilo na mfereji.

Mlango wa nne watu hawautaji kwa haya, nao ndio mbaya kuliko yote. Ni msamba wa suruali. Ukiketi juu ya pikipiki maji hukusanyika mapajani yakafanya ziwa dogo, upepo ukayasukuma msambani, na hapo ndipo mishono yote minne hukutana. (Kicheko.) Chekeni, lakini mnajua nasema kweli. Tafuteni suruali iliyotiwa kipande cha pembe nne mahali hapo ili mishono isikutane. Suruali iliyo bora kabisa kwa kazi yetu ni ile inayopanda mpaka kifuani ikashikwa na kanda za mabegani, kwa sababu ukiinama mgongo haubaki wazi. Koti fupi na suruali ya kiunoni huachana njiani, na maji yaingia katikati.

Wengine watapenda vazi moja zima, koti na suruali pamoja. Kwa kuzuia maji halina mshindani. Lakini jaribuni kulivaa kando ya barabara pale Khayega, mvua imeshaanza, umesimama kwa mguu mmoja, gambuti mkononi. Na akina mama wanachama wameniambia habari yake ukiwa mbali na choo, nami nimewasikia. Vipande viwili vyafaa watu wengi zaidi.

Juu ya ukubwa: vaa sweta yako kwanza, vaa nguo ya mvua juu yake, kisha keti juu ya pikipiki na ushike usukani. Mikono ya koti itapanda, na miguu ya suruali itapanda kuliko ulivyodhani. Mtu anayejipima amesimama wima mbele ya kioo amenunua nguo ya kusimamia.

Sasa lile shuka la plastiki lenye tundu la kichwa, linalouzwa barabarani mvua ikianza. Lafaa kwa mtu anayetembea kwa miguu. Kwa mwendesha pikipiki ni hatari. Upepo hulijaza likafunika kioo na taa, pembe yake ikaingia kwenye cheni au gurudumu, au ikayeyuka juu ya ekzosi. Na leso ya mama anayeketi nyuma ina hatari ile ile. Ndugu wa stendi, mkumbusheni kila mara aikusanye mapajani kabla hamjaondoka. Habari ya ule mwavuli mkubwa unaofungwa juu ya pikipiki tutabishana siku nyingine, lakini neno langu ni kwamba ni tanga. Jahazi lapenda tanga. Pikipiki yenye magurudumu mawili, lori la miwa likipita kwa kasi, haipendi.

Yako maneno machache juu ya aina za vitambaa. Wazee wetu walikuwa na kabuti la askari, la sufu, na mpaka leo walinzi wengi wanalivaa. Ni vazi zuri kwa mtu aliyeketi kwenye kibanda. Sufu ina sifa moja kubwa, kwamba hata ikilowa huacha joto kidogo; lakini kabuti likinywa maji huwa zito kama gunia la mahindi, na siku tatu halijakauka. Ngozi nayo ni njema kwa mtu akianguka, maana lami haiichani upesi, ila mvua ya Kakamega huishinda. Huko Uingereza katika miaka ya 1930 waendesha pikipiki walivaa pamba iliyotiwa nta, maarifa yaliyotoka kwa mabaharia waliokuwa wakipaka matanga yao mafuta; kiwanda cha Barbour kilianza kushona mavazi hayo ya pikipiki mwaka 1936. Yanazuia maji kweli, lakini hutaka kupakwa nta upya mara kwa mara. Mskoti Charles Macintosh alikuwa ameandikisha mapema zaidi, mwaka 1823, njia ya kubandika mpira katikati ya nguo mbili, na makoti yetu ya mpira ni wajukuu wa hilo.

Ubaya wa mpira na plastiki ni jasho. Maji hayaingii, na jasho halitoki. Ukiendesha saa mbili wajikuta umelowa kwa ndani, na waliouza koti wanasema halikuvuja. Dawa yake ilipatikana Marekani mwaka 1969, Bob Gore alipogundua namna ya kuvuta aina moja ya plastiki ikawa na vitundu vidogo mno, tone la maji haliwezi kupita lakini mvuke wa jasho wapita. Nguo mpya za namna hiyo ni ghali, nami siwezi kumwambia mtu mwenye watoto shuleni akazinunue. Lakini katika marobota ya mitumba hupatikana, makoti ya wapanda milima na ya waendesha baiskeli wa Ulaya, na muuzaji mara nyingi hajui alicho nacho. Ligeuze ndani uone utepe kwenye mishono. Ukibanduka au kitambaa cha ndani kikipukutika kama magamba ya samaki, kimezeeka, kiache. Kikiwa kizima, kioshe kwa sabuni kidogo, kisuuze sana, usitie dawa ya kung'arisha nguo.

Kwa wengi wetu, koti la plastiki nene lenye kitambaa mgongoni mwake, mishono iliyoyeyushwa, na matundu ya hewa chini ya kwapa yaliyofunikwa, ndilo la kuanzia. Likilowa litundikwe kivulini. Jua kali na kukunjwa likiwa na maji hulipasua kabla ya siku zake.

Nije kwenye joto. Kinachomtia mtu joto ni hewa iliyokaa kimya kati ya nguo moja na nyingine; uzito wa nguo hausaidii kitu hewa ikipita. Ndiyo maana sweta mbili nyembamba zashinda moja nene, na ndiyo maana sweta yoyote, hata ikiwa nene kama godoro, ni kazi bure kama upepo wapita katikati yake. Upepo uzuiwe nje, joto litajikalia ndani. Shati la pamba karibu na ngozi si zuri siku ya mvua, kwa kuwa pamba hunywa maji ikayashika. Zile fulana nyepesi za manyoya ya plastiki zilizojaa kwenye mitumba, ambazo watu huzidharau kwa sababu hazina uzito, ndizo bora: hukamulika, na zikikamuliwa zinakuwa kama kavu. Na asiye na kitu, gazeti lililokunjuliwa kifuani chini ya koti ni kinga ya upepo. Waendesha baiskeli wa mashindano Ulaya hufanya hivyo wakiteremka milima.

Twawaona ndugu zetu wengi wamevaa jaketi kinyume, zipu mgongoni. Watu wa mji huwacheka. Mimi siwacheki, maana wamefikiri vizuri: upepo huingia kwenye zipu, basi zipu iende nyuma. Lakini jaketi lililogeuzwa hubana koo na mabega, mikono haigeuki vyema, na siku ya ajali wauguzi hawalioni pa kulifungulia. Ni ushahidi kwamba mtu huyo hakuuziwa koti lenye ulimi juu ya zipu. Angekuwa nalo asingehangaika.

Tena wako wanaovaa jaketi la barafu mchana wa digrii 27, wakiogopa numonia. Numonia huletwa na vijidudu. Jaketi haliviui. Kuvaa zito juani hukujaza jasho, na jasho hilo ndilo litakalokutia baridi jioni. Mwenye kikohozi kisichoisha na maumivu ya kifua aende hospitali akapimwe, asiongeze sweta.

Mikono. Hapa naomba mnisikilize sana kwa sababu niliyokwisha eleza ya breki. Glavu za sufu peke yake ni sponji. Glavu za mpira za kuosha vyombo huzuia maji, nazo kwa bei yake ni afadhali kuliko bure, ukivaa kubwa juu ya nyembamba za sufu. Ila ziangalie zisiteleze kwenye usukani. Kuliko zote mimi napenda ile mifuko inayofungwa juu ya mikono ya usukani, ambayo mafundi wetu huishona kwa turubai au kwa ngozi ya viti. Mkono waingia ndani, upepo na mvua vyabaki nje, na vidole vyashika breki na klachi vikiwa vimekauka. Lakini ishonwe mipana! Mkono utoke bila kunaswa. Fundi akishakufungia, keti, zungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, toa mkono upesi mara kumi. Ikikunasa mara moja, irudishe ikapanuliwe.

Miguu haina maneno mengi. Gambuti zinashinda vitu vyote kwa matope yetu, na suruali ya mvua ivaliwe nje ya gambuti, isiingizwe ndani, au utazijaza kama ndoo. Zamani watu walivaa mifuko ya plastiki ndani ya viatu; tangu mifuko hiyo ilipopigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 wengi wamerudi kwenye gambuti, jambo lililokuwa jema hata bila sheria. Soksi ziwe nene, na jozi ya pili iwe chini ya kiti.

Na macho. Kioo cha helmeti kikifanya ukungu mtu hukifungua, mvua ikampiga machoni kama mchanga. Paka ndani sabuni kidogo sana ya kipande, ifute mpaka isionekane. Ukungu hautashika upesi. Kioo kilichochubuka kwa kufutwa na mkono wenye vumbi kibadilishwe, maana usiku taa za magari hutawanyika humo usione kitu.

Kuna kosa moja nalo naliona kila jioni hapa barabara kuu ya Kisumu kwenda Webuye. Mtu ana jaketi lake la riflekta, safi, la kijani kibichi. Mvua inaanza. Anasimama, anavaa koti jeusi la mvua juu ya riflekta, anaondoka. Saa ile giza limezidi na madereva hawaoni vizuri, yeye amejifuta barabarani. Riflekta ivaliwe juu ya yote, na koti lenyewe la mvua liwe la manjano au la rangi ya chungwa lenye mistari ing'aayo kifuani, mgongoni na mikononi. Mistari hiyo hurudisha mwanga kwa aliyeutuma, lakini ikifunikwa na tope haifanyi kitu. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji kila asubuhi, kama mtu afutavyo taa.

Sasa nani alipe? Ndugu wa stendi, nyinyi mnajitegemea. Jina lenu lenyewe lilizaliwa huku kwetu magharibi, mpakani Busia, wakati wa baiskeli katika miaka ya 1960, na pikipiki zilipozidi baada ya Serikali kuondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, kila mtu alijinunulia kila kitu peke yake. Sheria ya Trafiki, kama ilivyobadilishwa mwaka 2012, yawataka mvae kinga na kumpa abiria helmeti na jaketi lenye riflekta. Haikusema nani atawapunguzia bei. Lakini vikundi vyenu vya kuweka na kukopa vipo, na watu 30 wakienda kwa mwenye duka pamoja na kikombe chao cha maji, atawasikiliza kuliko mtu mmoja. Chama kiko tayari kuagiza pamoja nanyi, robota moja.

Kwa wale walioajiriwa neno ni lingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema kwamba mwajiri ambaye watu wake wamo katika kazi ya kulowa au ya kushika vitu vya kudhuru lazima awape mavazi ya kinga ya kutosha, yanayofaa, yenye kufanya kazi yake, pamoja na glavu, viatu na vya kichwani inapohitajika. Tazameni maneno hayo: ya kutosha, yanayofaa. Ganda la kitunguu halitoshi wala halifai. Na mwajiri akisema sheria hiyo ni ya kiwandani, mwambieni kwamba mahali pa kazi kwa sheria ni popote mfanya kazi alipo kwa ajili ya kazi yake, na yeye ndiye aliyekutuma Navakholo saa kumi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa mwaka 1981, nao wasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanya kazi.

Ndugu mmoja wa mashamba ameniuliza kwa nini tusidai fedha badala ya nguo, kila mtu akanunue apendavyo. Ni swali la haki, na wako wengi wenye shauri hilo. Wanasema vipimo vya mwajiri haviwatoshi, na wana sababu. Lakini fikirini. Fedha ya nguo ikiingia pamoja na mshahara mwezi wa Januari, yakutana na karo. Sote tunajua karo itashinda, na si kosa la mzazi. Kisha Aprili mtu yuko barabarani na shati, na mwajiri ana risiti kwamba amelipa. Shauri langu ni tudai nguo yenyewe, ila tuchague sisi. Yaani mapatano yaseme: koti na suruali ya vipande viwili, mishono iliyofungwa isiyopitisha maji, ya rangi ing'aayo yenye mistari ya riflekta, gambuti jozi moja, glavu au mifuko ya usukani, sweta moja, kila mtu kwa kipimo chake akiwa ameketi juu ya pikipiki, kitu kikipasuka kazini kibadilishwe bila kungoja mwaka kwisha na bila kukatwa mshahara, na mfano mmoja wa kila kitu ujaribiwe kwa maji mbele ya wajumbe wawili wa chama kabla mwajiri hajanunua yaliyobaki. Hilo la mwisho wao watalipinga kuliko yote. Ndilo tusiloachia.

Kwa kuwa tutaulizwa vipimo, kamati imepanga upimaji hapa hapa ofisini Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi. Njoo na pikipiki, na sweta utakayovaa ndani, na gambuti. Fundi atakuwapo na futi yake. Mwenye koti lililopasuka alilopewa kazini alilete, hata likiwa vipande vipande, tuliandike jina na tarehe alipolipokea. Tutayaweka mezani siku ya mkutano na waajiri. Aliye kazini siku hiyo amtume mwenzake, na kikaratasi chenye urefu wa mkono kutoka begani mpaka kwenye kifundo, mkono ukiwa umekunjwa kama ashikaye usukani.